Senene Njiani, Kikale Mbali

Mama alizaliwa kikale, mji wa kale wa wafalme ulioko juu ya kilima karibu na Bukoba, akatoka huko siku alipoolewa. Ukungu ulipoanza kumwingia machoni aliniomba jambo moja tu: nimpeleke akauone mji wa kwao kabla giza halijafunga kabisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Kamachumu, kijana mwenye viatu vipya na haraka nyingi. Likizo ya Desemba ilipofika nikamwomba dereva wa lori la kahawa atuchukue, twende alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo.

Njiani Mama alinisimulia nyumba ya ngoma, makaburi ya wafalme, nyua za matete ambazo mgeni hupotea ndani yake. Alisimulia na nyumba ya mawe waliyoijenga Wajerumani katikati ya hayo yote, na bendera ya Mwingereza iliyokuja baadaye. "Paa la bati na paa la nyasi yamekaa pamoja kama mume na mke wasiosemezana," alisema. Nilitamani kufika kuliko hata yeye.

Tulipopita Izigo, mtu akapiga kelele, "Senene!"

Nyasi zote kando ya barabara zilikuwa zimejaa senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, mabawa yao yamelowa umande. Dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka chini. Sisi Wahaya ndivyo tulivyo: hata tukiwa tunampeleka mtu kuzikwa, tukiona senene jeneza litangoja. Nikamfuata dereva, nikamkumbusha saa.

"Waitu mwalimu," alinijibu kwa heshima huku akijaza kofia yake, "Bukoba ipo tu. Senene hawangoji."

Nilipogeuka, Mama naye alikuwa amepiga magoti kwenye majani mabichi, akipapasa na kukamata.

"Mawe, tutachelewa!" nilimwita mama kwa Kihaya.

"Nitaingiaje kwa kaka yangu mikono mitupu?" aliuliza. Kwetu mwanamke hukamata senene, asile. Anayekula ni mwanamume. Kaka yake alikuwa bado anaishi kikale, na hawakuwa wameonana miaka mingi.

Nilipaswa kumsaidia. Badala yake nilipanda lorini nikakaa, nimenuna, hadi jua likawa utosini. Kisha mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope, nasi tukalisukuma mpaka viatu vyangu vipya vikafumuka. Nilimlaani dereva kimoyomoyo, nikawalaani na senene. Kusema kweli, nilimkasirikia na Mama.

Tulifika kwenye lango la kikale jua likizama. Mlinzi akatuzuia. "Ngoma ya jioni imeshalia. Mgeni haingii tena. Njooni kesho."

Kesho ipi? Dereva alikuwa akipiga honi barabarani. Nilibisha, nikataja ualimu wangu, ikawa bure. Mama hakubishana. Alimpa kifurushi cha senene alichokifunga kwa jani la mgomba, akamtajia jina la kaka yake, akaomba kimfikie. Kisha akanishika mkono.

"Mimi naona weupe mtupu. Niambie wewe unaona nini."

Niliona. Kupitia upenyo wa matete niliona paa kubwa la nyasi linalotoa moshi, wanaume wawili wakiingiza ngoma ndani, na nyuma yao, juu ya nyumba ya mawe, bendera ikiteremshwa taratibu. Lakini hasira ilikuwa bado haijanitoka.

"Hakuna kitu, Mawe. Ua uliooza na bati lenye kutu. Twende."

Aliuachia mkono wangu, akageuka kuifuata sauti ya honi.

Likizo iliyofuata macho yake yalikuwa yameshazima. Majirani walipomwuliza habari za kwao, aliwajibu kwa sauti ya kawaida, "Kikale kimekwisha. Mwanangu alikiona kwa macho yake." Nilikuwa nimeketi pale pale mlangoni, natafuna punje za kahawa, nikashindwa kusema kwamba nilidanganya.