Nilimwita Kigeugeu Nikijua Si Kweli

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno yangu, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kujionea.

Mimi ni mama wa chapati hapa Malaba, karibu na pale malori yanapongoja kuvuka mpaka kuingia Uganda. Kwetu ni Marachi, huku huku Busia. Mdomo ninao, na wateja wanaupenda. Dereva anaweza kupita vibanda vitano aje kwangu acheke kwanza, ndipo ale. Huo mdomo ndio uliommaliza mtu!

Mtu mwenyewe ni Okiru, fundi wa nguo, Mteso wa Amukura. Cherehani yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu. Alimpenda mdogo wangu Ajiambo, wakaelewana, wazee wakapanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Siku ile nyumbani tulifunga turubai, tukachinja kuku, baba akavaa koti lake la Krismasi. Ng'ombe wanne wakafika mpaka langoni. Wanne, na wote wanene!

Okiru akavua kofia. Akasema, "Wazee, nisameheni. Mimi nimebadilisha mawazo. Sitaoa hapa."

Yaani hivyo tu! Hakuna sababu, hakuna maelezo. Wajomba zake wenyewe walibaki midomo wazi. Wakageuza ng'ombe, wakaanza kurudi walikotoka. Mama yangu akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake mpya.

Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamfuata barabarani nikipiga kelele, "Kigeugeu! Kigeugeu wewe!" Wanawake wakanipokea. Kuna kijana wa jirani alirekodi kwa simu, na kufikia jioni video ilikuwa imefika Busia mjini.

Ningeishia pale ningesema ni hasira. Lakini mimi sikuishia pale.

Niliporudi Malaba nililifanya lile neno biashara. Nikigeuza chapati nasema kwa sauti, "Okiru upande huu!" Nikiigeuza tena, "Okiru upande ule!" Madereva wanacheka mpaka wanamwaga chai. Naye yuko palepale ng'ambo, anasikia, anakanyaga mashine yake. Watoto wa shule wakalichukua. Watu wakaanza kumuuliza, "Boss, suruali yangu utashona ama utabadilisha mawazo?" Mwishowe wengine wakaacha kabisa kumpelekea vitambaa. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, mbona nikudanganye?

Aliposikika anatafuta mke kule Butula, jina lilitangulia kufika. Kwingine pia hivyo hivyo. Alikuwa anaelekea miaka thelathini na minane, na mama yake mzee alikuwa anamwomba Mungu aone mjukuu mmoja tu. Hayo niliyajua. Nilichekea chapati zangu.

Mwaka wa pili Ajiambo alikuja kunitembelea. Alikuwa ameolewa Tororo, na mtoto mgongoni. Asubuhi nikafanya mchezo wangu wa chapati, watu wakacheka. Nikageuka nione kama naye anacheka. Alikuwa analia.

Akanivuta nyuma ya kibanda. "Dada, acha hiyo kitu. Mimi ndio nilikataa."

"Ulikataa nini?"

"Kuolewa na Okiru. Ile asubuhi nilimpigia simu nikamwambia moyo wangu uko kwa huyu wa Tororo. Na unajua vile baba aliapa."

Nilijua. Baba alikuwa ameapa mbele ya ukoo kwamba binti atakayesababisha ng'ombe warudi atafukuzwa, yeye na mama aliyemzaa. Na baba si mtu wa kuapa bure.

"Nikamwomba aseme ni yeye," Ajiambo akasema. "Akaniambia, sawa, mimi ni mwanaume, nitabeba. Dada, huyo mtu hajawahi kunitukana hata siku moja!"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungevuka barabara. Ni hatua ishirini! Mimi nilimwambia Ajiambo anyamaze, nitayamaliza mwenyewe polepole. Akaniamini, akarudi kwake.

Sikuyamaliza. Nilijidanganya kwamba namficha Ajiambo asije akagombana na mume wake, na kwamba namkinga mama na baba. Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimecheka miaka miwili, sasa nisimame mbele ya walewale wateja niseme nilikosea? Wangenigeuzia mimi mchezo. Niliogopa kuitwa lile jina nililompa yeye.

Nikaacha mzaha wiki moja. Dereva mmoja akauliza, "Mama, leo Kigeugeu hayuko?" Nikaigeuza chapati. "Okiru upande huu!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Ikapita miezi mitatu. Siku moja mchana wakaja wanawake wawili kutoka Angurai, wamevaa vizuri. Mmoja alikuwa shangazi wa msichana mmoja wa huko. Huku kwetu huwezi kutoa binti kabla hujamuulizia mwanaume kwa watu wanaomjua. Wakaagiza chai, wakanisogelea.

"Mama, tumeambiwa wewe unamjua huyu fundi. Binti yetu amekataa wengine wote, anamtaka huyu. Sisi tumesikia maneno. Tuambie wewe, ni mtu wa aina gani?"

Nikainua macho. Okiru alikuwa amesimamisha mashine, anatuangalia. Alijua wamefuata nini. Akaniinamishia kichwa kidogo, kwa heshima, vile mtu anaomba.

Nikasema, "Mama, mimi nina nini cha kuongeza? Huyo alirudisha ng'ombe langoni kwetu. Ni kigeugeu. Jina lake mnalo."

Wakaacha chai nusu, wakapanda boda boda, wakaenda.

Okiru akavuka barabara. Alisimama karibu na jiko, hakupandisha sauti.

"Dada, Ajiambo alipita kwangu siku ile akirudi. Aliniambia umeshajua. Aliniambia nitulie, utayamaliza."

Nikashika mwiko tu. Kumbe alikuwa anajua kwamba najua! Miezi mitatu alinisikia nikigeuza chapati, akaningoja!

"Mimi nilinyamaza kwa sababu ya Ajiambo," akasema. "Wewe umesema kwa sababu ya nani?"

Nikageuza chapati iliyokuwa inaungua. Siku ya tatu cherehani haikuwepo. Wengine wanasema alivuka kwenda Uganda, wengine hawajali alienda wapi. Mama yake alikufa Amukura bila yule mjukuu.

Ajiambo aliposikia, aliwaambia watu wote ukweli kwa mdomo wake. Baba aliinamisha kichwa tu, umri umemchosha. Mume wa Ajiambo akasema ni mambo ya zamani. Basi! Hakuna aliyefukuzwa, hakuna ndoa iliyovunjika. Aliyenikataa ni Ajiambo. Simu yangu hapokei, na mtoto wake wa pili sijamwona.

Nikafunga kibanda, nikaenda Angurai kumtafuta yule shangazi. Nikamweleza yote, nikilia. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Mama, tulikuja kwako ukasema hafai. Leo umetufuata unasema anafaa. Kesho utatuletea neno gani?" Akaniambia binti ameshaolewa kwingine, na hana raha huko. Hakunikaribisha kukaa.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akibadilisha mawazo mbele ya watu, usikimbilie kumpa jina. Huenda amebeba mzigo wa mwingine, tena wa nyumba yako! Na kama ulishamchafua ukajua ukweli, vuka barabara siku hiyo hiyo, wakucheke, yaishe. Mimi ningechekwa wiki mbili.

Ukimkuta upande wa pili wa mpaka fundi mwembamba, mpole, anayeshona bila maneno, mpelekee kitambaa chako. Lakini usimwambie kwamba nimeuliza habari zake. Mwache apumzike kutokana na mdomo wangu.