Kidari cha Baba Mkubwa

Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijaona chochote, maana stoo ya mama haina dirisha, na nikachelewa kuelewa kwamba meno yaliyouvunja yalikuwa yangu. Chekeni tu, rafiki zangu. Mimi bado siwezi.

Ilikuwa siku ya posa, nyumbani kwetu Kibosho, miaka ile maduka ya Moshi yalipofurika ghafla vitu vya nje. Wiki moja kabla, gauni langu lilikataa kufunga zipu, basi nikaamua jambo dogo tu: wiki ile nisile, ninywe zile soda za kopo zisizo na sukari zilizopitia mpakani Tarakea. (Mwenye duka aliniapia zinaua njaa.) Mwanzoni nilijiona mshindi. Kisha kila kopo likawa linaniacha na njaa zaidi kuliko lilivyonikuta. Ulimi unatangaza utamu umefika, tumbo linakaa tayari, halipokei kitu, na kichwani kitu kinalia kama ndama aliyenyimwa chuchu. Sijui kwa wengine, kwangu ilikuwa hivyo. Niliota ndizi. Nilinusa mchuzi wa jirani, machozi yakanitoka.

Siku yenyewe nikanywa kopo jingine, zipu ikafunga, mama akanituma stoo nikalete sinia la nyama. Sasa kwetu mbuzi hagawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na kidari kilikuwa cha baba mkubwa wa Aloisi, mchumba wangu. Yeye ndiye msemaji wa ukoo wao, na asipokionja hakuna posa. Nilijua. Nikamega kidogo tu pembeni, halafu nikamega upande wa pili ili pande zisawazike, halafu zikawa hazijasawazika (mjinga mimi), nikaendelea kusawazisha mpaka nikafika kwenye mfupa.

Mama alifungua mlango. Nyuma yake, sebuleni, wageni na vibuyu vyao vya pombe ya mbege waliniona nimechuchumaa, mafuta yakitiririka kifuani.

“Shikamoo, baba mkubwa,” nikasema, mdomo umejaa.

Mzee akamgeukia baba yangu, akamuuliza, kwa upole uliouma kuliko kofi, kama nyumba hii ina shida ya chakula. Baba akaahidi kuchinja mbuzi mwingine sasa hivi. Mzee akasema hakufuata nyama, akaweka kibuyu chini kikiwa kimejaa vilevile, akainuka, na ndugu zake wote wakamfuata nje.

Akabaki Aloisi.

“Felista, wiki nzima nakubembeleza ule, unaniambia huna njaa.”

“Nilikuwa nakunywa soda.”

“Soda,” akarudia.

Alisimama akingoja sababu iliyo bora kuliko hiyo. Kinywaji kile sijakigusa tena wala sitakigusa, lakini nadhiri haimrudishi mtu. Aliokota kofia ambayo baba yake mkubwa aliisahau kitini, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akatoka, akaufunga mlango polepole, kama anayemfungia mgonjwa.