Kovu la Samaki wa Kioo

Juzi hapa Guangzhou, Uchina, kwenye duka la jumla mtaa wa Yide Lu, nilimkuta binti akibandika nembo za dhahabu zilizoandikwa Italia kwenye samaki wa kioo waliotoka kiwanda cha jirani. Hasira ikanipanda. Nilimkumbuka samaki wa mama.

Mama alipewa na sista wa Kiitaliano ambaye yeye mama alimfulia nguo miaka mingi. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, mikono ya mama ilinukia sabuni alipomwonyesha jirani yetu, mke wa mwalimu mkuu. Jirani akampindua samaki, akagusa kovu tumboni, akacheka.

"Mama Neema, umepigwa! Cha Italia kina nembo. Hiki kina kovu na mapovu!"

Yeye Italia aliiona wapi, zaidi ya kwenye kalenda? Mama akamfunika samaki kwa kitambaa. Mimi nilidhani samaki anaumwa kovu lake. Nikamtoa uani, nikalisugua kovu kwa msasa, krr, krr, hadi likaisha.

"Huyu ametengenezwa kwa mkono?" nilimuuliza yule binti wa dukani.

"Hapana, bosi, ni wa mashine. Wa mkono ana kovu, pale fundi alipomkata kwenye fimbo ya chuma ya kushikia kioo cha moto. Unataka nembo? Tunauza roli nzima."

Nembo zipo roli nzima. Kovu nililifuta mwenyewe.