Miguu ya Émérance

Ukiisifu nyumba ya Léocadie pale Kasongo, ile ya matofali yenye mapazia na saa ya ukutani, aligeuza mazungumzo. Alichopenda kusimulia, hata uzeeni, ni ua wa mama yake, Faida, kule Kabambare, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyochemka na mawese tangu asubuhi. Aliukumbuka ua ule hadi moyo ukamuuma.

Mwaka wa hamsini na moja mumewe Théophile alikuwa karani, na makarani wa siku zile walikuwa na homa moja tu: kuitwa evolue, yaani Mwafrika aliyestaarabika machoni pa Wabelgiji. Wakaguzi wa serikali wangeweza kuingia wakati wowote kutazama kama mnalala kitandani na mnakula mezani. Basi Léocadie akashika ustaarabu mpaka akapitiliza. Binti yao Émérance alifungiwa ndani asikanyage vumbi, akavishwa soksi, akalishwa mkate na chai ya sukari. Sombe ikapigwa marufuku, eti inanuka kishamba. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, aliwatoa vichwa na miiba mmoja mmoja. Kazi ya kijinga ile ilimla nusu siku, naye akijiona mama kupita mama wote.

Mtoto alipofika miaka miwili na nusu miguu ilikuwa imepinda kama upinde, na akisimamishwa analia. Majirani walinong'ona habari za uchawi. Placide, muuguzi wa dispensari, aliuliza tu mtoto anakula nini, akasikiliza hadi mwisho.

"Mama, ile miiba unatupaka inje njo mifupa ya mutoto," alisema. "Na jua unamufichaka. Bila jua, mufupa hauwezi kukamata kitu."

Akaeleza kwamba chokaa inayokaza mifupa, yaani kalsiamu, imo katika samaki wadogo wanaoliwa wazima na katika majani ya kijani. Jua nalo likipiga ngozi, mwili hujitengenezea vitamini ya kuifikisha chokaa hiyo mfupani. Akaonya wasikawie, maana mtoto akikomaa hivyo miguu hairudi.

Théophile alitaka wakaguzi wapite kwanza, ndipo sombe iingie nyumbani. Léocadie, ambaye hakuwahi kumbishia mumewe, alimfunga mtoto mgongoni akapanda lori la pamba hadi Kabambare. Akamwacha kwa Faida, yeye akarudi, kwa kuwa karani asiye na mke nyumbani hakupewa karatasi ya uevolue.

Ilipita miezi kumi na minne. Faida hakujua neno vitamini. Alikuwa na kinu cha sombe, ndakala waliotwangwa na vichwa vyao, na ua uliowaka jua, ambamo mjukuu alishinda uchi akifukuza kuku.

Siku ya kumchukua, Léocadie alimwona toka njiani. Miguu ilikuwa imenyooka. Alilia kwa furaha mbele za watu bila haya, akachuchumaa, akafungua mikono.

Émérance alimtazama kidogo. Kisha akageuka, akakimbia mbio kwa miguu ile mizuri hadi kwa Faida, akajificha nyuma ya kitenge chake.

"Mama," alimwambia bibi yake, "iko mugeni."