Maini ya Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mwenye bucha wa mtaani kwetu alikuwa mtu wa utani, lakini kisu kikishaingia kwenye ini hunyamaza. Hulipasua taratibu, akaiminya mirija yake kwa kidole gumba, na likiwa bovu hulitia kwenye ndoo ya nyama ya kufukiwa kabla mkaguzi wa nyama hajafungua mdomo.

Kuna wakati maini mabovu yakaanza kufuatana, yote kutoka zizi la mama mkwe wake. Yalikuwa magumu, na ndani ya mirija mlikuwa na minyoo bapa kama vijani vidogo. Mama huyo alikuwa mjane mkali wa maneno, na tangu harusi mkwewe hakuwahi kubishana naye. Mkewe alimsihi akae kimya, asije akazua mambo.

Hakukaa kimya. Ini jingine lilipotoka bovu, alimwomba mkaguzi wakalipeleke pamoja kwa mama huyo, kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mama mkwe aliwakaribisha, akasikiliza, akakunja uso. Alisema ng'ombe wake hawakosi dawa ya minyoo, na kukonda kwao ni shauri ya kiangazi.

"Mkwe wangu, umekuja kuniambia sijui kufuga?"

"Hapana, mama. Wewe unawaona ng'ombe wako wakiwa hai, mimi nawaona wakishachinjwa. Tukifichana, zizi litabaki tupu."

Mama alifunua ndoo, akalitazama lile ini, akauliza minyoo yenyewe inatoka wapi. Mkaguzi akamweleza: mayai hutoka na kinyesi, yakafika majini, vijidudu hukulia ndani ya konokono wadogo wa kinamasi, halafu hujibandika kwenye majani wanayokula ng'ombe. Ukiwapa dawa leo na kesho wakarudi kinamasini, umefanya kazi bure.

Basi kila akifunga bucha mapema, mkwe alishuka na jembe hadi bondeni, kwenye malisho ya mama. Walizungushia kinamasi uzio, wakavuta maji kwa bomba hadi kwenye hori lililojengwa pakavu, wakagawa malisho ili kila upande upate kupumzika. Daktari wa mifugo akawa anapima kinyesi kwanza ndipo atoe dawa. Mama akaleta bata ili wawale konokono. Bata dume mmoja alimchukia mwenye bucha kuliko kiumbe chochote. Majirani walicheka hadi machozi kuona mchinjaji mzima anakimbizwa na bata, ameshikilia suruali isimvuke.

Haikuwa mteremko. Ng'ombe walilia kwenye uzio, na mtamba mmoja ambaye ini lake lilikuwa limeshaharibika akafa. Siku hiyo mama alishika shoka aubomoe uzio. Mkwewe hakumzuia. Alimwomba tu asubiri mvua zipite, akaketi naye hadi alipoliweka shoka chini.

Mvua zilipopita, majani yalifunga bonde zima. Udongo uliokuwa umepondwapondwa na kwato ukalainika, ukajaa nyungunyungu, na chemchemi ya kinamasi ikatoa maji safi. Ng'ombe waling'aa manyoya. Maini yaliyofika buchani baada ya hapo yakawa laini, na yeye akaanza tena kupiga soga huku akikata.

Sasa wafugaji wa bonde lile humwomba akikuta ini bovu asiwafiche. Mara nyingi huenda kuwaeleza akiwa na mama mkwe wake, maana mfugaji akianza ubishi, mwenye bucha hurudi nyuma hatua moja na kumwachia mama uwanja.