Mikuyu ya Kasyoka

Kasyoka hakuokoka nusu nusu. Wenzake waliokoka huku wakionja pombe ya asali kwa siri. Yeye alipookoka, mwaka wa sitini na sita, hata kibuyu cha pombe cha marehemu babake alikipasua. Ndiyo maana kanisa la hapo karibu na Mukuyuni lilipoamua kufyeka ithembo, ule msitu wa mikuyu mlimani ambako wazee walitoa kafara wakiomba mvua, hakuhitaji kuitwa mara mbili. Wanaume walisimama na mashoka wakiogopa mizimu. Kijana aliyewaongoza, Musembi, alihubiri mpaka akakauka koo, wapi! Kasyoka akamnyang'anya mumewe shoka, akaanzisha wimbo, akaupiga mkuyu wa kwanza. Loo, waliimba siku hiyo!

Mama mkwe wake, Kavata, alikuwa chini penye chemchemi, akiangalia. "Mwanangu," alimwambia, "kama huogopi mizimu, ogopa kiu." Kasyoka alicheka.

Mlima ukalimwa mahindi na pamba mpaka kileleni. Misimu ya kwanza mahindi yalimpita Musembi urefu, na kanisa likasema, si mnaona? Lakini mvua haikutulia tena pale. Zamani ilidondoka kwenye majani, udongo ukainywa polepole, ikatokea chemchemini hata wakati wa kiangazi. Sasa ilishuka mbio, nyekundu, ikiwapita watu kama mgeni asiyesalimia, na shamba lenyewe imelibeba. Chemchemi ikapungua, ikawa tope. Njaa ya themanini na nne ilipofika, mbuzi walilamba mawe pale wakaenda zao.

Kasyoka, sasa mjane mwenye mvi, alikuwa akitembea hadi mto Kaiti kufukua mchanga apate maji. Kila alipoinama shimoni, maneno ya Kavata, aliyekwisha kuzikwa, yalimrudia. Yalimuuma sana. Usidhani alirudiwa na mizimu; aliona tu kwa macho yake maji yalivyokwenda, na alijua ni mkono wa nani.

Basi akakata matawi ya mkuyu kule mtoni, akayapanda juu ya chemchemi, kwenye kipande chake cha shamba. Akayamwagilia maji aliyobeba mgongoni. Yakachipua.

Hapo maneno yakaanza. Mikuyu? Pale pale? Ati Kasyoka amerudia kafara! Musembi, sasa mchungaji mwenye kitambi, akaja kwake.

"Mama Mutunga, ing'oe mwenyewe. La sivyo sitakuona tena kwenye Meza ya Bwana. Kama unataka miti, si upande mikaratusi?"

"Mkaratusi ni mlevi, Mchungaji. Utamwachia kisima?"

Musembi hakucheka. Alipoondoka, Kasyoka alilia, kwa maana ile Meza ndiyo iliyomshika alipofiwa, na hakuwa na nyingine. Lakini hakung'oa.

Jumamosi vijana wa kanisa walipanda mlima na majembe, Musembi mbele, wakiimba. Wimbo ulikuwa ule ule wa siku ya mashoka. Kasyoka mwenyewe ndiye aliyewafundisha, walipokuwa watoto wa shule ya Jumapili. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka mtoni, jerikeni bado mgongoni. Aliwatazama waking'oa mche baada ya mche, mizizi bado myeupe. Kisha akaenda nyumbani kulitua jerikeni.

Jua lilikuwa kali. Walipomaliza walikuja kwenye kivuli cha nyumba yake, wengine wakiona haya, wakaomba maji. Ukambani mtu hanyimwi maji, awe amekukosea nini. Kasyoka akawamiminia kikombe baada ya kikombe, mpaka jerikeni likaisha. Musembi alikunywa mwisho, akajifuta mdomo.

"Asante, Mama Mutunga. Lakini tumekumalizia! Sasa utapikia nini?"

"Ya kupikia yako ndani," Kasyoka alisema, akikipokea kikombe. "Hayo mliyokunywa yalikuwa ya miti."