Mtani Niliyembebesha Cherehani

Nichekeni taratibu, maana mke wangu bado hajanisamehe. Mimi ni fundi nguo, nashonea kibarazani kwangu, Ng'ambo, Tabora. Juzi mzee mgeni, kanzu safi, alisimama hapo. Badala ya kumuuliza shida yake, nikamuuliza kabila lake.

"Mzaramo," akasema.

Nikafurahi kupita kiasi! Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasiriki.

"Kumbe mtumwa wangu!" nikapaza sauti. "Babu yangu alikununua kwa kibaba cha chumvi. Mvua inakuja, beba cherehani uingize ndani!"

Majirani wakacheka. Mzee akatabasamu, akabeba, nami nyuma nikimswaga kama punda.

Mlangoni akatokea mke wangu, aliyewahi kufika kwa mzee huyo Sikonge. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mkwe! Tuliwatarajia jioni. Mbona umebebeshwa cherehani?"

Niliambiwa posa ya binti yetu inatoka Sikonge. Sikuwaza kwamba Mzaramo anaweza kuishi Sikonge. Na mkwe hataniwi.

Mzee akaitua cherehani polepole.

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa ajili ya binti yenu. Sijui naye ni kibaba kimoja?"